Uso wa Mtu Asiyekunywa

Baba yangu hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, na hapa Mayo, magharibi mwa Ireland, hakuna anayemwamini.

Kwenye kola ya koti lake amevaa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, ile ya watu walioapa tangu ujana kwamba hawatagusa pombe mpaka kufa. Lakini watu hawatazami beji, wanatazama uso. Mashavu yake ni mekundu kama ya mtu aliyetoka kupigwa makofi. Juu ya wekundu huo kuna vipele vyenye usaha, na pua, ambayo kwenye picha ya harusi yake ni pua ya kawaida tu, imevimba ikawa na mashimo kama ganda la chungwa. Akiingia ndani kutoka kwenye upepo uso unawaka. Akikaa karibu na moto unawaka. Akikasirika unawaka zaidi, na akijua kwamba unawaka anakasirika.

Siku ile tulikuwa duka la pembejeo kununua chakula cha ndama. Nilikuwa nimembeba Nora, binti yangu, kiunoni. Packie Durcan, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameegemea kaunta na wanaume wenzake.

"Festus bwana," akasema, "leo umeanza mapema."

"Nimeanza nini?" Baba akauliza.

"Mimi sijui. Iulize pua yako, ndiyo inayosema."

Wakacheka, hata mwenye duka.

"Na hiyo beji, kaka, ungeivaa kwa ndani. Unamwaibisha Yesu."

Baba akalipa, akabeba gunia begani, akatoka. Mimi nikamwambia Packie kwamba yeye mwenyewe ananuka baa tangu Ijumaa, akasema, "Ndiyo, mama, lakini mimi nina ngozi nzuri." Wakacheka tena. Packie si mtu mbaya. Ni yeye aliyetuchimbia kaburi la mama yangu wakati ardhi imeganda. Ila mdomo wake hauna mlango.

Baadaye kidogo, kabla ya nyasi kukatwa, Padri Lavelle alikuja nyumbani. Nilimkatia mkate wa soda, akapaka siagi nene, ndipo akasema kilichomleta.

"Festus, mwaka huu unatimiza miaka hamsini ya kiapo. Kiangazi kikiisha Askofu anakuja mwenyewe kuwavisha beji za dhahabu. Mko watatu tu parokia nzima."

"Waitume kwa posta."

"Haitumwi kwa posta. Unapanda madhabahuni, jina linasomwa, unavishwa mbele ya watu."

"Ndiyo sababu nasema waitume kwa posta, Padri."

Padri alipoondoka Baba alikaa akitazama sahani. Nilidhani atatoka kwenda kwa ng'ombe, kama afanyavyo akitaka mazungumzo yaishe, lakini hakutoka.

"Unajua wataona nini nikisimama pale?" akaniambia. "Watamwona baba yangu."

Babu nilimjua kwa maneno tu. Alikunywa mpaka shamba la chini likaenda kwa akina Durcan. Baba alikula kiapo akiwa kijana wa sekondari, mwaka uleule shamba lilipokwenda, na tangu hapo hata kwenye harusi yake alishika glasi ya maji ya limau.

"Basi usiende," nikasema. "Hakuna anayekulazimisha."

"Naitaka, Dervla. Ndiyo tabu yenyewe. Naitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na siwezi kwenda kuichukua na uso huu."

Sikuwahi kumsikia akisema anataka kitu. Nikamwambia kiangazi hakijaanza hata, tutatafuta dawa, atapanda pale na uso safi. Nilisema kama mtu anayejua. Nilikuwa nasoma darasa la jioni la kuhudumia wagonjwa, na nilikuwa nimefikia sura ya ngozi.

Tulianza na vya nyumbani. Nilimkanda kwa maji ya uji wa shayiri yaliyopoa. Nikampaka maziwa mgando, akakaa jikoni mweupe kama mzimu huku Nora akimlamba kidevu. Tulikwenda kwenye kisima cha mtakatifu, kule watu wanakofunga vitambaa kwenye mti, akanawa akipiga magoti kwenye tope, na upepo wa kule juu ukamrudisha nyumbani mwekundu kuliko alivyokwenda.

Kisha shangazi Concepta akaleta dawa yake ya kupaka, ile aliyopewa kwa ajili ya pumu ya ngozi. Hiyo ilifanya kazi. Baada ya siku chache tu mashavu ya Baba yalitulia, yakawa na rangi ya mtu. Alikwenda mnadani akauza ndama wawili, akarudi akipiga mluzi. Concepta akaja na keki, tukala. Lakini alipoacha kuipaka uso ulirudi na ndugu zake wote. Vipele vilijaa mpaka kwenye kope, na akiipaka tena ilimtuliza kidogo kuliko mara ya kwanza.

"Hiyo dawa ina deni," Baba akasema, akaitupa motoni.

Ndipo akakubali kwenda kwa daktari, jambo ambalo hakulifanya hata alipokanyagwa na fahali. Kituoni kulikuwa na daktari mgeni, dada mmoja mpole kutoka Pakistani. Alimtazama Baba kwa taa, akamgusa mashavu kwa vidole viwili, akarudi kwenye kompyuta yake.

"Unakunywa pombe kiasi gani kwa wiki, mzee?"

Baba akatazama dirishani.

"Sinywi."

"Hata kidogo? Mwisho wa wiki?"

"Daktari," nikasema, "ana beji."

Akaitazama beji, asielewe. Nikamweleza, na nikaona mikono yake inaacha kuandika.

"Nisamehe, mzee. Ni swali tunalouliza kila mtu, lakini nimekuuliza vibaya. Hata mimi sinywi. Kwetu hatunywi, ukoo mzima, na hakuna aliyewahi kutupa beji."

Baba akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla mpaka akashika meza.

Akatueleza kwamba ugonjwa huu una jina, unaitwa rosasea, na kwamba watu weupe wa visiwa hivi unawapenda sana. Mishipa midogo ya uso inavimba na kukaa wazi. Ile dawa ya Concepta hutuliza kwa muda kisha huuchochea. Ugonjwa wenyewe hutembea katika familia.

"Baba yako alikuwa na uso wa namna hii?"

"Baba yangu alikunywa."

"Huenda alikunywa, na huenda pia alikuwa nao. Pombe huuchochea, lakini siyo inayouleta. Mtu anaweza kuwa nao asiguse tone."

Baba akaandikiwa dawa ya kupaka, kiasi cha punje ya kunde kila jioni, uso mzima. Daktari akasema itachukua majuma mengi kabla hatujaona kitu, na isipokuwa kwa bahati uso hautakuwa safi kabisa. Pua haitarudi. Na aepuke jua, upepo, chai ya moto na hasira.

"Daktari," Baba akasema, "umekaa Mayo muda gani?"

"Miezi minne."

"Basi upepo umeshauona."

Tulirudi kwenye kiti cha mbele cha basi hadi njia panda ya kwetu. Kabla hatujashuka akasema, "Baba yangu nilikuwa namwita mlevi wa uso mwekundu. Nilimwambia hivyo machoni pake." Basi lilikuwa linasimama, tukashuka.

Nilimpaka mwenyewe kila jioni, Nora akiwa ameshalala. Paji la uso, mashavu, pua, kidevu. Kiangazi kikakolea. Vipele vilianza kupungua, nilivitazama kwa karibu nikaona ni kweli, nikamwita Concepta naye akaona. Lakini wekundu haukutikisika, na wekundu ndio uliokuwa unampa Packie maneno. Baba alijitazama kwenye kioo cha bafuni asubuhi, akatoka kwenda kukamua.

Siku moja nikamkuta dirishani amevaa miwani, anasoma kiboksi cha dawa.

"Ivamektini," akasoma polepole. "Dervla, hii si ndiyo iliyoko bandani?"

Bandani kulikuwa na dumu la dawa ya minyoo na chawa, ile ya buluu ya kumwagia ng'ombe mgongoni. Kila mkulima anayo.

"Ni dawa hiyohiyo, ila ya ng'ombe imetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Ina spiriti kali ndani ili ipenye manyoya."

"Fahali wa kilo mia sita unammwagia mara moja tu, anakuwa safi majira yote. Mimi napakwa punje ya kunde kila siku kama bibi harusi."

"Usithubutu, Baba."

Nilicheka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Jubilei, ile siku ya Askofu, ilikuwa imebakiza Jumapili moja. Padri alishatangaza majina. Asubuhi moja, mvua imekatika, nilikuwa naanika nguo, Nora akaja mbio kutoka uani.

"Mama, Babu amelala kwenye maji ya ng'ombe."

Alikuwa amepiga magoti kwenye birika la kunyweshea, kichwa chote ndani. Alipokitoa sikumjua. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefungwa, na ngozi ya mashavu ilikuwa inatoa maji kama nyama iliyomwagiwa chai. Dumu la buluu lilikuwa pembeni, na kitambaa.

"Nilipaka kidogo tu," akasema. "Kidogo tu, nikaona nisubiri iishe kuchoma."

"Ulisubiri muda gani?"

"Nilimaliza kukamua."

Fintan, mume wangu, alikuwa Skotlandi kwenye kazi ya mitambo ya upepo, na gari alikuwa nalo yeye. Nilivuka barabara nikikimbilia kwa Packie. Packie hakuuliza hata neno. Alitoa gari akiwa na soksi tu miguuni, akamlaza Baba kiti cha nyuma, akatupeleka hospitali ya mjini akipita malori kwenye kona. Njiani alisema mara moja tu, "Vumilia, Festus, mzee wangu, tumefika."

Macho yalipona, namshukuru Mungu. Lakini daktari wa hospitali alisema ngozi imeungua, asipakwe chochote isipokuwa mafuta ya hospitali mpaka ijifunge upya, hata ile dawa ya kunde. Kwa hiyo yale majuma yote yalikuwa bure, na tungeanza tena kutoka mwanzo, na mwanzo wenyewe hatukujua ni lini.

Jumamosi nikamuuliza kama niende kumpokelea beji.

"Usinipokelee. Kama sikupanda mwenyewe, isije ndani ya nyumba hii."

"Padri ataelewa hali yako."

"Padri anaelewa. Wale wengine je?"

Nikaenda misani na Nora, kwa sababu kama sisi pia tungekosekana ingekuwa mbaya zaidi. Kanisa lilijaa. Nilikaa nyuma ya nguzo. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili wa upande wa ziwani, ambao hawakunitambua kwa kuwa nilivaa kofia ya mvua.

"Festus Kilcoyne simwoni."

"Atakuja na nini? Hukusikia? Walimkuta bandani amelewa chakari, anajimwagia dawa ya ng'ombe usoni akidhani ni maji."

"Yesu na Maria. Na ile beji."

"Miaka hamsini, mwenzangu. Miaka hamsini anatudanganya."

"Maskini binti yake, na mtoto mdogo mle ndani."

Nikamshika Nora kwa nguvu mpaka akalalamika. Nilitaka kugeuka. Nilikuwa na maneno tayari, yote ya darasani, mishipa, familia, daktari, lakini Askofu alikuwa ameshasimama na kanisa lilikuwa kimya. Wakaitwa wale wawili, mzee wa posta na sista mzee wa shule, wakavishwa, watu wakapiga makofi. Kisha Padri Lavelle akasoma jina la baba yangu. Alilisoma vizuri, taratibu, akiangalia mlangoni.

Hakuna aliyejitokeza. Mtu mmoja akakohoa, na upande wa wanaume nikasikia kicheko kinachozuiliwa puani. Askofu akakiweka kile kiboksi chini, wakaimba.

Packie alikuwa langoni anavuta sigara. Nilimwendea.

"Packie, uliwaambia Baba alikuwa amelewa?"

"Mimi?" Akaitoa sigara mdomoni. "Sijasema hivyo hata siku moja. Nilisema nilichokiona. Nilisema Festus amejipaka dawa ya ng'ombe. Hayo mengine walijazia wenyewe."

"Wewe ulimbeba kwa mikono yako. Alikuwa ananuka pombe?"

"Alinuka spiriti ya dawa."

"Basi waambie."

"Nimewaambia. Nimewaambia baa nzima kwamba mtu alikuwa mkavu kama mfupa." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona Packie hana utani. "Dervla, mama, fikiria na wewe. Nani ataamini kwamba mtu mzima mwenye akili zake, asubuhi kweupe, hajalewa, anachukua dawa ya minyoo ya ng'ombe anajipaka usoni? Mpaka waseme amelewa ndipo inaingia akilini. Mimi mwenyewe, kama nisingemnusa, ningesema hivyohivyo."

Nikamshika Nora mkono, tukashika njia ya nyumbani.

Nyumbani Baba alikuwa kitandani, pazia limefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza. Nilidhani amelala.

"Walifanyaje jina liliposomwa?"

"Walinyamaza."

"Walinyamaza namna gani?"

"Walinyamaza tu, Baba."

"Na Packie anasemaje?"

Nilitaka kumficha, lakini angesikia mnadani, au kwa Concepta, na ingekuwa kali zaidi. Nikamwambia yote kama yalivyosemwa, na ya wanawake wa nyuma yangu pia. Alisikiliza bila kujigeuza. Mafuta ya hospitali yalikuwa yanang'aa kwenye mashavu yake na sikuweza kuona kama anawaka au hawaki.

"Packie ana haki," akasema. "Hata mimi nisingeamini. Sikumwamini baba yangu, na yeye aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba siku nyingine uso ulikuwa uleule na hajanywa kitu. Alikuwa ananisogelea nimnuse mdomo. Sikumnusa."

Nora aliingia akapanda kitandani na viatu, akalala ubavuni kwake, na mimi nikarudi jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Ngozi ilijifunga. Chini ya magamba uso uleule ulikuwa unasubiri, wekundu wake, vipele vyake, na sasa kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Mnadani haendi tena, ng'ombe wananunuliwa hapahapa uani kwa bei ya mnunuzi. Misani haendi. Beji ya zamani bado iko kwenye koti, lakini koti liko msumarini. Padri amekuja mara mbili, mara zote mbili Baba alikuwa malishoni. Daktari wetu wa Pakistani alihamishwa. Aliyekuja baada yake ametuandikisha kwa bingwa wa ngozi, na nilipopiga simu kuulizia zamu, binti wa mapokezi aliniambia nisihesabu mwaka huu. Akasema daktari ameagiza turudie dawa ile ya kunde wakati tunangoja. Nilimuuliza kama itafaa. Akasema yeye anapokea simu tu, dada.

Jana jioni nikaichukua dawa rafuni, nikavuta kiti mbele ya Baba. Nilidhani atanifukuza kama alivyonifukuza mara zote tangu ngozi ilipojifunga.

"Kwa ajili ya nani?" akauliza.

"Ngozi inakuwasha usiku. Nakusikia."

Akafikiri. Kisha akavua miwani.

"Paka. Lakini usiniambie habari ya Jumapili yoyote, wala majira, wala kupona. Ukianza kuniahidi naondoka kwenye kiti."

"Sawa, Baba."

Nikapaka paji la uso, nikashuka kwenye mashavu. Pale kwenye kovu nilipitisha kidole taratibu na hakushtuka. Nilikuwa na maneno mdomoni, kwamba safari hii tunaanza mapema, kwamba kuna majuma mengi mbele yetu, na nikayameza yote, maana kiti kilikuwa chepesi na mlango ulikuwa karibu.

"Umemaliza?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Bado kidevu."